Shajara ya chungu cha chili: nyama, maharagwe na pilipili kavu, Malindi

Ninachokitafuta

Nataka chungu kimoja cha chili ya nyama ya ng'ombe na maharagwe, ile ya majumbani Marekani, kiive hapa Malindi kwa vitu vya sokoni na dukani kwetu, na kiliwe na kila mtu: watoto, mama mkwe wangu, na wenzangu wa chama watakaokuja kwangu mwisho wa mwezi. Mchuzi wa maharagwe na nyama tunao tayari, na ni mtamu. Huu si huo. Kwetu pilipili hukaa pembeni, kwenye kibakuli cha achari au ndani ya kachumbari, kila mtu akajitilia kadiri anavyostahimili. Katika chili pilipili kavu ndiyo mboga, ndiyo rangi, ndiyo uzito wa rojo. Ukiondoa nyanya zote, chungu bado ni chili. Ukiondoa pilipili, umepika kitoweo kingine. Kwa hiyo mradi wote nimeuanzia kwenye pilipili, nyama itafuata.

Jumatatu: pilipili

Watu wa Texas hupenda ancho, yaani pilipili ya poblano iliyoachwa ikaiva hadi ikawa nyekundu, kisha ikakaushwa. Ina nyama nene, ina utamu wa tunda lililokauka, na ukali wake ni mdogo: kwenye kipimo cha Scoville, kilichobuniwa 1912, ni baina ya 1,000 na 2,000. Pilipili kichaa zetu hupita 50,000. Sasa mtu achukue maelezo ya Texas yanayotaka pilipili kavu kumi na mbili, atie kichaa kumi na mbili! Hapana atakayekula.

Ancho sijaiona hapa mjini. Nikaenda kwa mwenye duka la viungo.

"Za kuwasha au za rangi?" akaniuliza.

"Za rangi, kaka. Nipimie robo kilo."

"Robo kilo? Kuna harusi kwenu?"

Za rangi ni zile ndefu zilizokunjamana, nyekundu iliyokolea, ambazo wauzaji huziita za Kashmiri. Haziumi sana. Nyama yake ni nyembamba kuliko ya ancho, kwa hiyo lazima ziwe nyingi, na ule utamu wa tunda hazina. Utamu huo nimeutia kwa tende mbili zilizotolewa kokwa, zikasagwa pamoja na pilipili. Ukionja huijui tende. Unachokijua ni kwamba rojo limetulia mdomoni. Ukali wenyewe nimeutafuta kwa kichaa tatu tu katika chungu kizima. Rangi na uzito vinatoka kwa pilipili moja, ukali kwa nyingine, nami nikaweza kupunguza au kuongeza kimoja bila kukiharibu kingine. Nadhani hili ndilo jambo la maana zaidi katika mradi huu wote.

Namna ya kuzitengeneza: nakata kikonyo, nakung'uta mbegu, napasua kila moja na kuilaza bapa. Chuma cha chapati kinapata moto wa wastani, bila mafuta. Naziweka chache chache na kuzikandamiza kwa mwiko. Baada ya nusu dakika hivi ngozi inavimba kidogo, rangi inageuka kuwa ya tofali, na harufu inajaa jiko zima. Hapo hapo nageuza, nahesabu hadi kumi, naondoa. Ikipita hapo inaungua na kuwa chungu, na uchungu huo hautoki hata utie sukari. Madirisha yawe wazi, watoto watoke nje, maana moshi wake unakaba koo. Kisha naziloweka katika maji ya moto dakika ishirini, nazisaga kwenye blenda na kitunguu thomu, tende na maji kidogo ya kulowekea, halafu nachuja kwa chujio la chai. Zile ngozi zinazobaki kwenye chujio ni ngumu, natupa. Kinachopita ni rojo jekundu, zito, linalong'aa.

Rojo hilo halitiwi bichi kwenye chungu. Linakaangwa kwa mafuta, likikorogwa, mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu yakiwa mekundu. Hapa tunajua kazi hii vizuri, ni ile ile ya kukaanga viungo vya biriani. Kinachowasha katika pilipili kinayeyuka katika mafuta wala si katika maji, kwa hiyo bila kukaangwa ukali hukaa mahali pamoja badala ya kuenea chungu kizima.

Jumanne

Viungo. Jira nyingi, vijiko viwili vya chai vilivyojaa, ikaangwe kavu na kutwangwa kwenye kinu siku hiyo hiyo. Dania kavu kijiko kimoja. Mdalasini kipande kidogo. Hiliki na karafuu nimeziacha kabatini kwa makusudi: zikiingia tu, pua inasema pilau, na baada ya hapo hakuna anayesikia pilipili.

Oregano ilikuwa rahisi kuliko nilivyotazamia. Malindi imekuwa na Waitaliano tangu miaka ya 1960, wakati kituo chao cha kurushia setilaiti kilipojengwa Ngomeni, na maduka yamezoea kuweka vitu wanavyopikia. Oregano ya Meksiko, inayotiwa katika chili huko kwake, ni mmea wa jamii nyingine, una harufu ya ndimu kidogo. Nimetumia hii ya Kitaliano na mwisho nikakamua ndimu. Inatosha.

Jumatano: maharagwe

Siku ya maharagwe imekuwa ndefu, na nina mengi ya kuandika.

Huko Texas anayetia maharagwe mara nyingi hutia pinto, yenye madoadoa. Jamaa yake tunaye: mwitemania. Nimenunua mwitemania, nyayo na wairimu, kikombe kimoja kimoja, nikazipika mbalimbali. Nyayo ni tamu lakini zinapasuka na kugeuka uji zikikaa motoni saa mbili. Wairimu, zile ndogo nyekundu, zinashika umbo hata ukizisahau. Mwitemania ziko katikati: zinalainika hadi ndani, ngozi inabaki, na maji yake ni mazito. Nimechagua mwitemania, na wairimu ziwe za akiba mwitemania zikikosekana.

Nyayo za kwanza, nilizonunua duka fulani la mtaani, zilikataa kabisa kulainika. Saa tatu motoni, bado zinaliwa kwa meno ya mbele! Maharagwe yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu hugeuka ndani, hata yaloweke usiku kucha hayaivi sawasawa. Na joto na unyevu ndiyo hali ya pwani. Tangu hapo nanunua kwa mama wa sokoni ambaye gunia lake linaisha upesi, na naangalia: yale mapya yana ngozi inayong'aa, hayajafifia wala kusinyaa.

Maji nayo. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yana chokaa. Sufuria ya chai inaonyesha, imeganda weupe chini. Chokaa hiyo inakaza ngozi ya maharagwe. Nimepika maharagwe ya gunia moja kwenye sufuria mbili, moja kwa maji ya kisima na nyingine kwa maji ya bomba yatokayo Baricho, na ya bomba yametangulia kuiva kwa muda mrefu tu. Siku ambayo bomba halitoki, nitapika kitu kingine.

Magadi sikutia. Yanalainisha kweli, lakini yanatia ladha ya sabuni na kuiharibu vitamini B1, na kwa maharagwe mapya hayahitajiki. Badala yake nimeloweka usiku kucha kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita. Wengi tumefundishwa kuwa chumvi inagandisha maharagwe. Kwenye maji ya kulowekea inafanya kinyume: inalegeza ngozi, nayo yanaiva bila kupasuka. Kinachogandisha ni uchachu, yaani nyanya, ndimu, ukwaju, siki. Ndiyo maana maharagwe lazima yaive yenyewe kwanza, kwenye sufuria yake, ndipo yakutane na rojo.

Jambo moja halina mjadala. Maharagwe, hasa mekundu makubwa, yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na inaondoka kwa kuchemka kwa nguvu tu. Namwaga maji ya kulowekea, natia maji mapya, nachemsha kwa moto mkali dakika kumi maji yakitokota kweli kweli, kisha ndipo napunguza moto. Wale wenye masufuria ya umeme ya kupikia polepole kutwa nzima wajihadhari: joto lake laweza kuwa dogo mno kuiondoa sumu, na wakati mwingine huiongeza. Wachemshe kwanza jikoni.

Alhamisi usiku

Nimesoma kidogo kuhusu walikotoka wenye chakula hiki. Mjini San Antonio, Texas, kuanzia miaka ya 1880 hivi hadi miaka ya 1930, wanawake wenye asili ya Meksiko walikuwa wakiuza chili usiku kwenye viwanja vya mji, wamepanga meza ndefu na taa za mafuta, hadi kanuni za afya za mji zikawaondoa. Mwaka 1977 bunge la Texas likaitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Nimewafikiria sana wanawake hao. Waliolisha mji kwa sufuria zao walifukuzwa kiwanjani, na chakula chao kikaja kupewa heshima baadaye. Yeyote aliyewahi kununua viazi karai au mbaazi kwa mama wa barabarani anaijua thamani ya kazi ile.

Huko huko Texas wapo wasiotaka hata kusikia habari ya maharagwe. Kwenye mashindano ya kupika chili ya Terlingua, yaliyoanza 1967, chili ni nyama na rojo la pilipili tu. Majumbani ni habari nyingine, maharagwe yanatiwa kwa sababu yanaongeza chakula na yananyonya rojo. Mimi niko na watu wa majumbani. Nyama kilo moja na nusu peke yake haitoshi watu kumi na wawili. Ikiwa na nusu kilo ya maharagwe makavu inatosha, na inabaki.

Kitu kingine kimenifurahisha. Pilipili, nyanya, maharagwe haya na mahindi vyote asili yake ni Amerika, vikaja huku baada ya 1492. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Malindi mwaka 1498, hakuna jiko hata moja mjini lililokuwa na kimojawapo. Jira, thomu, dania na tende zilikuwapo katika biashara ya bahari hii zamani. Kwa hiyo katika chungu changu ni wa huku wanaopokea wageni, na kule San Antonio ilikuwa vivyo hivyo kwa upande wa pili.

Jumamosi: buchani

"Ami, nipe muundi, usio na mfupa, kilo moja na nusu. Na hayo mafuta meupe usiyatupe."

"Chukua steki, mwanangu. Muundi ni mgumu huo."

"Ndio ninaoutaka, Ami. Utakaa motoni saa mbili na zaidi."

"Haya. Wa saa mbili ni huu." Akanionyesha kipande chenye mishipa myeupe inayopita katikati.

Mishipa ile ndiyo siri. Ikikaa kwenye moto mdogo kwa muda mrefu inayeyuka na kuwa utelezi, na rojo linashika midomo. Steki haina, baada ya saa mbili inakuwa nyuzi kavu. Kima nimejaribu pia, kwa sababu Wamarekani wengi nyumbani hupika kwa kima, na inafaa usiku wa siku za kazi: saa moja tu na chungu kimeiva. Lakini kima inazama ndani ya maharagwe. Muundi unaonekana na unatafunwa. Kwa chama nitapika muundi.

Nimekata vipande vya sentimita mbili, nikavikausha kwa kitambaa, nikavitia chumvi. Kaango lipate moto hasa, mafuta ya nyama yayeyuke, kisha nyama iingie kidogo kidogo, kila kipande kipate nafasi yake. Ikijaa inatoa maji na kuchemka ndani ya maji yake, rangi inakuwa ya kijivu. Ikipata nafasi inashika rangi ya kahawia iliyokolea, na chini ya kaango panabaki ule utandu mweusi mtamu. Utandu huo naubandua kwa maji ya maharagwe, wote unarudi chunguni.

Jumapili: chungu kizima

Vitunguu vitatu vikubwa vimekatwa vidogo, vikakaangwa hadi vikawa rangi ya dhahabu. Rojo la pilipili, gramu 60 zikiwa kavu, likaingia na kukaangwa hadi mafuta yakapanda. Jira, dania, mdalasini, oregano. Tungule nne tu zilizokunwa. Wapo wanaotia nyingi, lakini zikizidi zinafunika pilipili na chungu kinaanza kuelekea kwenye mchuzi wa tambi. Nyama. Maji ya maharagwe na maji ya moto mpaka nyama ifunikwe kwa upana wa kidole. Mkaa nikaupunguza na kuufunika kwa majivu, kifuniko kikaachwa wazi kidogo. Kinachotakiwa ni povu moja moja linalopanda taratibu. Chungu kikitokota, nyama inakaza.

Mama mkwe akaja akafunua.

"Mwanangu, nazi utatia saa ngapi?"

"Hii haina nazi, mama."

"Hata tui jepesi?"

"Hata jepesi. Nazi ikiingia itakuwa maharagwe ya nazi, na hayo wewe ndiye mwalimu wangu. Hii nataka uionje ilivyo."

Akafunika, akasema atangoja aone. Nilikuwa nimeshafikiria tui, sikatai. Lakini utamu wa tui unalaza pilipili, na mafuta yake yanachukua nafasi ya mafuta ya nyama yaliyokwisha kuwa mekundu. Ladha mbili nzuri, kila moja inataka kuwa ya mbele.

Baada ya saa mbili kipande kilikatika kwa kijiko. Hapo maharagwe yaliyoiva yakaingia, yakakaa nusu saa kunywa rojo. Mwisho unga wa mahindi vijiko viwili vya mezani, niliokuwa nimeukaanga kavu hadi ukanukia, nikaukoroga kwa maji baridi na kuutia huku nikikoroga. Dakika kumi na tano tena, kwa sababu unga usipoiva unasikika. Texas hutumia unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Wa kwetu hauna harufu ile, lakini unaushika mchuzi vizuri. Chumvi, kisha ndimu moja ikamuliwe chungu kikishaepuliwa.

Mama amekula kwa boflo. Mwanzo alichovya, baadaye akaomba upawa wa pili. "Haiwashi," alisema, "lakini naisikia hadi masikioni." Ndivyo nilivyotaka isikike.

Watoto wamekula kwa wali mweupe na mtindi juu. Mtindi unafaa kuliko maji kwa anayewashwa, maana kinachowasha hakiyeyuki katika maji, kama nilivyoandika Jumatatu. Mezani nimeweka pia vitunguu maji vilivyokatwa vidogo na kotmiri.

Jumatatu

Kiporo ni kizuri zaidi. Pilipili na jira zimeshikana, maharagwe yamekuwa mekundu hadi ndani. Nitapika siku moja kabla ya chama.

Lakini kwa joto la Malindi chungu hakilali jikoni. Usiku nilikigawa kwenye masinia mapana ili kipoe haraka, kikaingia kwenye friji ndani ya saa mbili. Chungu kizima kikifungiwa cha moto, katikati hubaki vuguvugu usiku mzima, na maharagwe yanachacha. Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda juu, mekundu. Nimeondoa nusu, nikayaweka kukaangia mayai.

Kabla ya chama

Tutakuwa kama thelathini, kwa hiyo nazidisha. Nyama kilo nne, maharagwe kilo moja na robo, pilipili za rangi gramu 170, tende sita. Kichaa sizidishi kwa kiasi hicho hicho: natia tano, naonja baada ya saa moja, kwa sababu ukali huongezeka kadiri unavyokaa, na kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Maji nayo ni pungufu, maana sufuria kubwa hailingani kwa mvuke na ndogo. Natia mara mbili tu ya yale ya kwanza, na birika la maji ya moto likae karibu. Kukaanga nyama kutachukua saa nzima peke yake, wifi yangu amekubali kushika kaango la pili. Ami nimeshamwagiza muundi wa Alhamisi. Mwitemania zitalowekwa kesho yake usiku, kwa maji ya bomba niliyoyakinga mapema kwenye madumu mawili, endapo siku hiyo hayatatoka.